Kiitikio ni changu, redioni jina si langu

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 22, naishi Portmore, ng'ambo ya bandari ya Kingston, Jamaica. Baba yangu ni Mjamaika, mama ni mtu wa Tanga. Walikutana Uingereza wakiwa wanafunzi, wakaja kuishi huku kabla sijazaliwa. Kiswahili changu nimekipata jikoni kwa mama, kwa hiyo nisamehe nitakapokosea. Nimeamua kukuandikia wewe kwa sababu huku kila ninayetaka kumweleza jambo hili anamjua mmoja wa wanaohusika.

Mimi ni dansa. Nilianza shuleni kwenye mashindano ya sanaa ya JCDC, tume ya utamaduni ya Jamaica, baadaye nikaingia kundi la dancehall la mtaani kwetu. Sijui kama huko mnajua, lakini dansi za barabarani hazimlipi dansa. Spika zinapangwa kandokando ya barabara, watu wanafika baada ya saa sita usiku, mpiga video anapita na taa yake kali, na sisi tunapigana vikumbo kuingia ndani ya ile taa ili tuonekane mtandaoni. Pesa ninayokula inatoka kwa wageni. Wasichana kutoka Japani na Ulaya wanakuja Kingston kujifunza dancehall, nawafundisha mchana, wananilipa kwa saa.

Kuandika nyimbo nilianza kimyakimya. Nina gitaa la mkono wa pili, na nina nyimbo sita za taratibu ambazo mama na rafiki yangu mmoja tu ndio walikuwa wamezisikia.

Mwaka jana kundi letu lilibuni staili mpya. Staili isiyo na maneno haishiki, basi nikaitungia kiitikio cha mistari minne. Nilikirekodi kwenye simu usiku uleule, nimejifungia bafuni ili mama asisikie. Tukawa tunakiimba huku tunacheza, watu wakakidaka, ikawa kila tukitokea wanakianzisha wao. Msanii mmoja mwenye jina akaomba tumfundishe ile staili. Tukamfundisha, tukaona tumeula. Miezi miwili baadaye wimbo wake ukatoka. Beti ni zake. Kiitikio ni changu neno kwa neno, na mahadhi ni yaleyale. Kwenye video tumo, tunacheza nyuma yake. Tulipewa nauli na chakula. Kiongozi wa kundi anasema tushukuru, kwa sababu sasa staili yetu inachezwa hadi Ulaya.

Nikalia, kisha nikajisemea basi, zile za gitaa hazitaibiwa. Rafiki yangu akampelekea prodyuza mmoja, naye amezipenda na anataka kunisaini. Mkataba nimeusoma mara nyingi. Unanifunga miaka mitano, siruhusiwi kurekodi na mtu mwingine yeyote, na yeye ataandikwa mtunzi mwenza wa kila wimbo kwa asilimia 70, pamoja na zile sita nilizoziandika kabla sijamjua. Nilipouliza kwa nini, akasema studio ni yake, umeme ni wake, na bila yeye mimi ni dansa tu. Anataka pia niweke gitaa chini niimbe nyimbo za staili, kwa sababu eti dansa anauzika kwa kiuno. Amenipa hadi mwisho wa mwezi.

Mama hapendi nicheze barabarani usiku, hajawahi kupenda, na niliumiza moyo wake nilipoacha chuo cha ualimu mwaka wa pili. Anasema nisitie saini, lakini pia anasema nisimdai yule msanii. "Achana nao, mwanangu, riziki ni ya Mungu. Rudi chuo."

Nifanyeje, Shangazi? Nisaini? Kile kiitikio ninaweza kukidai, au ndiyo imeshatoka? Na niache kucheza ili watu wanione mtunzi wa kweli?

Dansa wa Portmore

*

Marahaba, mwanangu. Kiswahili chako hakidai msamaha wowote, mama yako amefanya kazi yake vizuri.

Nianze na lile lenye tarehe. Usitie saini mkataba huo. Hata akikuongezea mwezi mmoja au miwili ya kufikiri, maadamu sharti la asilimia 70 limo, kalamu yako ibaki mfukoni. Nami nitakueleza kwa nini, ili siku nyingine akija mtu mwingine na karatasi nyingine umjibu mwenyewe bila kumngoja Shangazi.

Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi: maneno na mahadhi, wimbo kama mtu yeyote anavyoweza kuuimba kwa mdomo mtupu akiwa anafua. Ya pili ni rekodi: sauti iliyonaswa siku fulani, studio fulani, na fundi fulani akiwa kwenye mitambo. Huyo bwana ana studio, ana umeme, ana saa za usiku atakazokupa bila kukutoza. Hayo yote ni gharama ya kweli, simbezi, na yanampa fungu katika rekodi. Hapo mkae mzungumze, na asishangae mtu akipewa sehemu kubwa ya rekodi aliyoigharamia. Lakini katika utunzi mtu hupata kwa alichotunga. Kuwasha jenereta si kutunga.

Huko kwenu kuna jambo moja la kuangalia kwa makini, nalo ni ridimu. Msomaji wa huku aelewe: Jamaica mdundo mmoja hutengenezwa, kisha wasanii wengi wakaimba juu yake, kila mmoja na wimbo wake. Sleng Teng ya mwaka 1985, iliyotoka kwa prodyuza King Jammy, imebeba nyimbo nyingi mno namna hiyo. Aliyetunga ridimu naye ni mtunzi, kwa sababu muziki umo ndani ya wimbo sawasawa na maneno. Ndiyo maana kugawana nusu kwa nusu kati ya mwenye ridimu na mwenye maneno na mahadhi ni desturi inayoeleweka. Kwa hiyo huyu prodyuza akikuletea ridimu aliyoitengeneza mwenyewe, ukakaa ukaitungia, mpe nusu ya utunzi kwa moyo mweupe. Zile sita za gitaa ni habari nyingine kabisa. Gitaa ni lako, maneno ni yako, mahadhi ni yako, na zilikuwepo kabla hujajua mlango wa studio yake unafunguka upande gani. Fungu lake la utunzi humo ni sifuri. Akitaka kuzirekodi, azungumzie rekodi.

Nataka uone ukubwa wa anachokiomba. Sheria ya Hakimiliki ya Jamaica ni ya mwaka 1993. Mwaka 2015 ilirekebishwa, na muda wa kulinda utunzi ukasogezwa kutoka miaka 50 hadi miaka 95 baada ya mtunzi kufariki. Una miaka 22. Mungu akikujalia ufike 80, wimbo utakaouandika mwaka huu utakuwa na mwenyewe kwa zaidi ya miaka 150. Watoto wako watakula, na wajukuu, na watakaowazaa hao. Sasa huyu bwana anataka asilimia 70 ya hayo yote, badala ya umeme wa usiku chache. Nimeshughulika na mikataba ya wanamuziki kabla sijaanza safu hii, na nakwambia nimeona vijana wakibishania malipo ya shoo moja hadi usiku wa manane, halafu ukurasa wenye neno "utunzi" wakaupita kama hawajauona.

Kuna na lile la miaka mitano bila kurekodi na mtu mwingine. Kwa dansa wa dancehall hiyo ni pingu. Kazi ya huko inakwenda kwa kuingiza sauti hapa na pale, leo ridimu ya huyu, kesho kolabo na yule, na wimbo unaotoboa mara nyingi haukuwa ule uliotegemewa. Yeye hajaahidi popote, kwa ulivyonieleza, atatoa nyimbo ngapi kwa mwaka. Anaweza kukuweka kabatini miaka mitano na hajavunja sharti hata moja.

Nije kwenye kiitikio.

Hujachelewa. Jamaica imo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, na chini ya mkataba huo haki ya mtunzi haisubiri muhuri wa ofisi yoyote. Ulipoimba ile mistari minne na simu ikainasa, ikawa mali yako palepale. Kinachobaki ni uthibitisho, na wewe unao kuliko watunzi wengi ninaowajua: rekodi ya simu yenye tarehe. Ongezea ujumbe wowote uliowatumia wenzako ukiwafundisha maneno. Halafu watafute wale wapiga video wa barabarani. Zile taa mlizokuwa mkizigombea zimewanasa mkiimba kiitikio hicho wiki kadhaa kabla wimbo haujatoka, na video za namna hiyo huwa zina tarehe.

Kabla hujamwendea msanii, jiulize swali moja kwa haki. Ile mistari minne ni yako peke yako? Hakuna mwenzako aliyebadilisha neno mkiwa mazoezini, au aliyeongeza ule mwitikio wa "hey" ambao sasa ndio watu wanaupigia kelele? Kama yupo, naye ni mtunzi, na fungu lake lazima litoke ndani ya lako. Usimfanyie mwenzako yale unayoyalalamikia. Na usidai wimbo mzima. Beti ni zake, umesema mwenyewe. Kama mwenye ridimu ana nusu, nusu iliyobaki ni ya maneno na mahadhi, na ukiigawa sawa kati ya kiitikio na beti, unazungumzia robo ya utunzi wote. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia mazungumzo, na ni namba ambayo mtu mwenye akili zake hawezi kuicheka, kwa sababu kila mtu ameisikia redioni akajua watu wanaimba nini. Wanaimba kiitikio.

Staili yenyewe ni ngumu zaidi, na hili linaniuma. Sheria inaitambua ngoma iliyopangwa na kunaswa, lakini hatua moja fupi ya mguu na bega ni vigumu sana kuidai mahakamani. Madansa wa Jamaica wamelipia jambo hili miaka mingi. Gerald Levy, yule aliyejulikana kama Bogle, alibuni staili zilizochezwa duniani kote, wasanii wakaziimba moja baada ya nyingine. Aliuawa Kingston Januari 2005. Jina lake linatajwa kwa heshima kila panapopigwa dancehall, lakini rekodi zilizouzwa kwa staili zake ni mali ya waliozitunga na kuzirekodi. Wewe umepata bahati ambayo dansa mtupu hana, kwa sababu staili yako ilitoka na maneno. Mguu wako hauna risiti. Maneno yako yanayo.

Utadai vipi? Si kwa kwenda laivu mtandaoni saa saba za usiku. Najua huko ugomvi wa wasanii una soko, na kesho yake kila mtu ana maoni, lakini ukishamwita mtu mwizi hadharani umempa sababu ya kukasirika na sababu ya kukushitaki. Andika barua ya adabu kwa menejimenti yake: eleza kiitikio kilitungwa lini, ambatanisha ushahidi, taja fungu unaloomba na jina lako liandikwe miongoni mwa watunzi. Bora zaidi barua hiyo itoke kwa mwanasheria. Kama huna pesa ya mwanasheria, Norman Manley Law School kule Mona ina kliniki ya msaada wa kisheria, anzia kuuliza pale. Ofisi ya Miliki Bunifu ya Jamaica, JIPO, nayo ipo kwa ajili ya maswali kama yako.

Wakati barua inakwenda, jiunge na JACAP. Hicho ndicho chama cha watunzi cha Jamaica, kimekuwepo tangu 1998, na ndicho kinachokusanya mirabaha redio, ukumbi au tamasha linapotumia utunzi wa wanachama wake, kikiwa na uhusiano na vyama vya nchi nyingine. Sajili zile nyimbo sita, kila moja kwa jina lako, asilimia 100. Kisha waeleze kuna wimbo unaopigwa ambao una mgogoro wa utunzi. Vyama vya namna hii kwa kawaida hushikilia fungu lenye mgogoro hadi wahusika wakubaliane, na hapo hata asiyependa kujibu barua huanza kuipenda simu. Ulizia pia JAMMS, iliyoanza 2006. Wao wanashughulika na rekodi, na siku sauti yako ikiwa ndani ya rekodi utataka kujua fungu la mwimbaji linafikaje kwako.

Mama anasema achana nao. Namwelewa kuliko unavyodhani. Mwanamke aliyelea mtoto mbali na kwao anaogopa ugomvi na watu wenye majina, na ana haki ya kuogopa. Lakini mwambie habari ya Sister Nancy, maana nadhani itamgusa. Jina lake ni Ophlin Russell. Mwaka 1982 alirekodi Bam Bam. Wimbo ukaenda, ukaingia kwenye filamu, ukachukuliwa vipande na wanamuziki wakubwa wa Marekani, na bila shaka huko Tanga kuna mtu ameucheza harusini bila kujua aliyeuimba. Yeye alikuwa amehamia Marekani, anafanya kazi benki New Jersey. Hakuwa akilipwa. Mwaka 2014 ndipo akausikia kwenye tangazo la viatu, akaamua sasa basi, akatafuta wanasheria, na mwishowe akapata nusu ya haki. Zaidi ya miaka 30 ilikuwa imepita. Riziki ni ya Mungu kweli, na Mungu alikuwa amemjalia riziki hiyo tangu 1982. Ilikuwa inapita mikononi mwa wengine.

Sasa hili la kuacha kucheza ili uonekane mtunzi wa kweli. Hapana, mwanangu, na nasema hivyo nikijua kwamba mama yako ataisoma barua hii.

Kwanza, kucheza ndiko kunakokulisha. Wale wasichana wa Japani wanaokulipa kwa saa ndio wanaokuwezesha kumwambia prodyuza hapana. Msanii mwenye kodi iliyolipwa husoma mkataba kwa utulivu. Pili, njia hiyo wengine wameshaipita. Ding Dong, yaani Kemar Ottey, alianza kama dansa na kundi lake la Ravers Clavers, na leo hakuna anayebisha kwamba ni msanii. Yeye aliendelea kucheza na akaanza kuziimba staili mwenyewe badala ya kumpa mwingine aziimbe.

Lakini hapo ndipo huyu bwana wako anapotaka kukufungia, na nina neno naye. Kwa sababu Ding Dong aliimba staili haina maana kila dansa aimbe staili. Wewe una nyimbo za gitaa. Koffee wa Spanish Town alionekana mwaka 2017 akiwa na gitaa na wimbo wa kumsifu Usain Bolt aliouweka mtandaoni, na Januari 2020, akiwa na miaka 19, akachukua Grammy ya albamu ya reggae, mwanamke wa kwanza kuichukua kwa kazi yake mwenyewe. Sikwambii uwe Koffee. Nakwambia anayedai kwamba msichana wa Jamaica mwenye gitaa hauziki hajasoma magazeti ya nyumbani kwake. Na neno lile la kiuno lisikupite hivi hivi. Mtu anayekutazama hivyo kabla hamjafanya kazi, huo ndio mtazamo atakaokuja nao kwenye picha za jalada, kwenye mavazi ya video na kwenye kila shoo atakayokupangia.

Unaweza kuwa na yote mawili, tena ukiwa dansa una kitu ambacho wenye magitaa wengi hawana: unajua mwili wa msikilizaji utafanya nini kabla hajafanya. Lakini kuimba huku unacheza ni kazi ya kujifunza upya, na wengi wanadanganyika kwa sababu mazoezini waliimba wamekaa. Chukua wimbo wako mmoja. Uimbe ukiwa unaruka kamba, au ukipanda ngazi za nyumba yenu. Utaona mahali pumzi inapokatika. Mara nyingi ni mwisho wa mstari wa pili, pale ulipojaza maneno kwa sababu yalikuwa mazuri kwenye karatasi. Punguza maneno pale. Panga hatua kubwa ya mguu iangukie pale usipoimba, na pale penye noti ndefu simama, mikono ndiyo icheze. Dansa anayejitungia ana faida hii, maana hahitaji ruhusa ya mtu kubadilisha mstari ili mwili wake upate hewa.

Zile sita usizifiche tena kwa mama na rafiki mmoja. Rekodi mbili tu, kwa gitaa na sauti, hata kwa kifaa cha kawaida, uwe na kitu cha kumwonyesha mtu. Kisha tafuta masikio ambayo hayakujui kwa miguu. Poetry Society of Jamaica kwa miaka mingi imekuwa ikikutana Edna Manley College, na watu wa mashairi wanajua kusikiliza maneno. Jamnesia ya familia ya Wilmot kule Bull Bay imepokea wanamuziki vijana wengi waliokuwa bado hawana jina. Nenda na gitaa, imba wimbo mmoja, sikiliza ni mstari gani umewanyamazisha watu.

Kuhusu kundi lako sina mengi. Kiongozi wenu anasema mshukuru kwa sababu staili imefika Ulaya. Muulize kwa heshima ni nani kati yenu amefika Ulaya. Halafu mpendekezee kwamba kuanzia sasa, siku mnapobuni kitu, kabla ya mtu kwenda nyumbani mnaandika karatasi ya mgawanyo: tarehe, jina la wimbo au staili, majina kamili ya waliokuwepo, nani ametunga nini, na asilimia zinazotimia 100. Wote mnatia saini, mnapiga picha, kila mmoja anabaki na nakala kwenye simu yake. Ni kazi ya dakika chache, na ifanyike siku hiyohiyo wakati bado mnacheka pamoja. Ikishafika siku ambayo wimbo umeingia redioni, hakuna tena anayekumbuka vilevile.

Na sasa mama. Chuo unachokataa kurudi, unakataa kwa sababu ni cha ualimu au kwa sababu kilikutenga na dansi? Edna Manley College ina shule ya dansi na shule ya muziki chini ya paa moja la jina, na ualimu wa dansi ni taaluma huko. Mama yako anachotaka ni cheti na usalama wako usiku. Sioni kama ameomba uache kuimba. Mweleze kwamba kampuni ya taifa ya dansi, NDTC, iliyoanzishwa 1962, imejengwa na watu waliokuwa na kazi zao mchana na kucheza kwa kujitolea jioni. Mwanzilishi wake mmoja, Rex Nettleford, alikuja kuwa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha West Indies. Mwanamke wa Tanga akisikia kwamba dansa aliongoza chuo kikuu, atakaa chini. Na wewe kwa upande wako mpe kitu: mwambie utarudi saa ngapi na unarudi na nani, na ukiahidi, rudi saa hiyo. Mwombe pia akusindikize siku utakayoimba zile za gitaa mbele ya watu. Amezisikia kabla ya wote.

Ukimjibu prodyuza, mjibu kwa maandishi na kwa adabu. Mshukuru kwa kuzipenda nyimbo zako. Mwambie uko tayari kurekodi naye wimbo mmoja juu ya ridimu yake, utunzi nusu kwa nusu, bila kufungwa usifanye kazi na wengine, na karatasi ya mgawanyo itiwe saini kabla hujaingiza sauti. Zile sita zisiwemo kabisa katika barua hiyo. Akikubali, utakuwa umeingia studio kwa masharti unayoyaelewa, na mtajuana kikazi. Akikataa, mtakie heri utafute studio nyingine, Kingston zimejaa.

Shangazi